Feri hadi Kwale kwa miguu: mwongozo kamili wa kupanda Shimba na mwenzako kwa siku moja

Watu wa Mombasa tumezoea ardhi iliyolala. Mtu anaweza kuishi kisiwani miaka na mikaka asipande kitu kirefu kuliko ngazi za ghorofa na ule mteremko wa feri. Kwa hiyo swahiba wangu aliponiambia, "Hebu twende Kwale kwa miguu, yakhe, si ni pale tu," sikuona la kukataa.

"Pale tu" ni takribani kilomita 30 kutoka Likoni, na mji wa Kwale uko juu ya vilima vya Shimba, takribani mita 400 juu ya bahari. Unaanza mguu ukinusa maji ya chumvi, unamaliza kwenye upepo unaokufanya ujute kuacha sweta nyumbani. Mara ya kwanza hatukufika. Mara ya pili tulifika jua likizama, tukiwa wazima, ingawa mmoja wetu hakuweza kuvaa viatu siku mbili. Mwongozo huu umetokana na safari zote mbili, lakini nakiri kwamba sehemu zake nzito zaidi nilijifunza katika ile tuliyoshindwa.

Hatua ya 1: Chagua mwezi kabla ya kuchagua siku

Sisi mara ya kwanza tulikwenda mwezi wa Machi. Ukimwambia mzee yeyote wa pwani kwamba ulipanda Kwale kwa miguu mwishoni mwa kaskazi, atakutazama tu na kumwomba Mungu akupe akili. Huo ndio wakati hari ya Mombasa inapokuwa mbaya zaidi, na joto la mchana hupita nyuzi 30 bila shida. Ubaya mkubwa hasa ni fukuto. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho halikauki; linatiririka tu na kudondoka. Jasho linalopoza mwili ni lile linalokauka juu ya ngozi. Ndiyo maana mtu wa bara anaweza kutembea kwao kwenye jua kali asipate neno, akija kwetu akaanguka.

Baada ya Machi huja masika. Mvua zake hukolea Aprili na Mei, na kando ya lami hugeuka tope. Wakati mzuri ni kipupwe, Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukivuma na mawingu yakikufanyia ihsani mara kwa mara. Manyunyu yatakupata, lakini hayo ni ya kushukuru. Vuli ya Oktoba hadi Desemba ni ya kubahatisha.

Ramadhani iache kabisa. Ijumaa pia mimi huiepuka, kwa sababu saa ya swala itakukuta katikati ya njia, unanuka jasho na mavumbi hadi magotini. Jumamosi inafaa zaidi: ukiumia, una Jumapili ya kulala.

Hatua ya 2: Wekeaneni masharti na mwenzako, tena kwa maneno wazi

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo tulipoharibu.

Urafiki wetu wa barazani una utani mwingi. Mtu akishindwa jambo, habari zake zitasimuliwa kwenye kahawa mwezi mzima, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake. Kwa hiyo mtu akiwa njiani na swahiba wake, hata miguu ikiwaka moto, ukimuuliza atajibu, "Niko sawa." Neno hilo karibu linimalizie rafiki.

Sasa tuna masharti manne, na tuliyasema kwa mdomo kabla ya kuvuka bahari.

La kwanza, "niko sawa" ni marufuku. Ukiulizwa hali, unajibu kwa namba: kumi ni kama umetoka kuoga sasa hivi, moja ni kama unatafuta mahali pa kuanguka. Mtu huona haya kusema amechoka, lakini haoni haya kusema "niko sita". Namba ikiwa nne, wote wawili mnakaa kivulini, hakuna mjadala.

La pili, anayetembea polepole ndiye anayetangulia. Mwenye mwendo akiwa mbele, wa nyuma hukimbizana na mgongo wake siku nzima. Ubaya zaidi, wa mbele husimama kumngoja mwenzake, na mwenzake akifika tu, yeye huyo ameondoka. Mmoja amepumzika mara kumi, mwingine hajapumzika hata mara moja. Mimi ndiye niliyekuwa wa mbele, na nilijiona muungwana kwa kungoja.

La tatu, yeyote akisema "tugeuze", mnageuza. Haulizwi mara mbili wala habembelezwi.

La nne ndilo linalobeba hayo matatu: yatakayotokea njiani hayapelekwi barazani bila ruhusa ya aliyetokewa. (Yaliyomo humu yameruhusiwa, baada ya mimi kulipia chakula cha usiku mara mbili.)

Mwenza bora si lazima awe na nguvu. Tafuta mtu anayeweza kukwambia ukweli, na ambaye akinyamaza unajua kunyamaza huko kuna maana gani.

Hatua ya 3: Jizoeze, japo hatuna milima

Wiki sita zinatosha kwa mtu mzima mwenye afya ambaye tayari hutembea kidogo. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maradhi ya moyo amwone daktari kwanza.

Kwa umbali, anza Fort Jesus, pita Mama Ngina, zunguka kisiwa, na wiki inayofuata uvuke daraja la Nyali na kurudi. Ongeza kidogo kidogo mpaka uweze kutembea kilomita 20 kwa siku moja na kesho yake ukaamka ukaenda kazini. Usingoje ufikie 30. Aliyeweza 20 bila maumivu, kumi za juu atazipata siku yenyewe.

Kwa mwinuko inabidi ujanja. Ghorofa yoyote yenye ngazi inafaa: panda na kushuka nusu saa, mara mbili kwa wiki, begi likiwa mgongoni. Wikendi panda matatu hadi Mazeras, ushuke, uende Rabai kwa miguu na kurudi. Njia ile ina vilima vya kukufunza kupumua, na hukutani na malori ya barabara kuu ya Nairobi. Ukitaka kupumzika, makumbusho ya Rabai yako hapo, mahali ambapo Johann Ludwig Krapf alianzisha misheni yake katika miaka ya 1840. Krapf alitembea sana katika nchi hii, tena na nguo za kizungu. Sijui alistahimili vipi.

Fanya walau matembezi mawili ya mazoezi na huyo huyo mwenzako. Mtajua mapema nani hunywa maji mengi na nani huzungumza bila kukoma. Mtajua pia nani njaa ikimshika huwa mkali.

Hatua ya 4: Viatu, soksi na kucha

Swahiba wangu mara ya kwanza alinunua raba mpya kabisa, nyeupe, siku mbili kabla ya safari. Tulipofika Ng'ombeni, kabla hata ya nusu ya njia, alikuwa anakanyaga kwa upande.

Raba nzuri ya mtumba kutoka Kongowea, uliyoivaa miezi miwili, ni bora kuliko mpya ya dukani. Mguu huvimba ukitembea kutwa kwenye joto, kwa hiyo nunua jioni, na hakikisha kidole gumba kinabaki na nafasi ya upana wa kidole cha mkono mbele yake. Champali weka ndani ya begi za kuvaa mkipumzika, usizivae njiani.

Soksi za pamba tupu hunyonya jasho na kulishikilia, na ngozi iliyolowa huchubuka upesi. Tafuta zenye mchanganyiko wa nailoni au sufi, beba jozi mbili za ziada, na ubadilishe kila mnapopumzika kwa muda mrefu. Zilizolowa zitundike nje ya begi zikauke. Watoto watakucheka njiani; wacheke.

Kata kucha za miguu siku tatu kabla, si usiku wa safari. Paka mafuta ya mgando kwenye visigino, katikati ya vidole, na mapajani. Hilo la mapajani watu huona haya kulitaja, lakini kuchubuka huko kumewarudisha nyumbani wengi kuliko milima.

Hatua ya 5: Begi

Lisizidi kilo sita pamoja na maji. Ndani yake: maji lita mbili kwa kila mtu mwanzoni, tende, njugu na kashata, paketi nne za chumvi na sukari zile za wagonjwa wa kuhara, zinazouzwa kila duka la dawa, plasta za upana, mkasi mdogo, sindano na kiberiti, leso moja kila mtu, sweta nyepesi, tochi, simu yenye ramani iliyopakuliwa kabla, na pawabenki. Pesa gawanya: kidogo za chenji mfukoni, nyingine kwenye simu.

Leso usiipuuze kwa kudhani ni ya wanawake. Ukiilowesha na kuifunga shingoni inapoza, kichwani inafanya kivuli, chini ni mkeka. Tulipopata shida ndiyo iliyofanya kazi kuliko kitu kingine chochote begini. Kofia iwe na ukingo mpana. Ile barghashia yako nzuri iache nyumbani. Kwa dada zetu, vazi pana la kitambaa chepesi kisicho cheusi lina nafuu kubwa kuliko buibui zito. Nimewaona waliotembea vizuri na dera juu ya suruali nyepesi na raba.

Kama paketi za dawa zimekosekana, changanya mwenyewe: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya sawasawa, visirundikwe. Chumvi ikizidi, kinywaji hicho kinadhuru.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya saa

Mwaka 1892 Mskoti mmoja, William Naismith, alitoa kanuni ambayo wapanda vilima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita tano, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa Kwale hiyo ni saa sita za njia na kama dakika 40 za mwinuko. Lakini Naismith alikuwa anatembea Uskoti, ambako ukivua koti unapata mafua. Kwetu ongeza nusu yake, kisha tenga mapumziko makubwa ya mchana. Siku nzima, basi.

Ratiba yetu ya mara ya pili, iliyofaulu: kuswali Alfajiri, feri kabla ya saa kumi na mbili, kuanza kutembea Likoni kukipambazuka, kufika njia panda ya Kombani, kama nusu ya safari, saa nne na kitu, kukaa hapo hadi saa nane, kisha kupanda na kufika Kwale kabla ya giza. Kukaa Kombani karibu saa nne, wengine watakwambia ni uvivu. Waache waseme. Mara ya kwanza tuliondoka saa mbili na nusu kwa sababu tulikuwa tunangoja mahamri yaive, na jua la utosi likatukuta barabarani.

Usiku wa kuamkia safari kula wali wa kawaida na samaki, ulale mapema. Biriani ina siku yake. Asubuhi mahamri mawili na mbaazi yanatosha, na glasi mbili za maji kabla ya kutoka mlangoni.

Hatua ya 7: Likoni hadi Kombani

Feri ni bure kwa waendao kwa miguu, na alfajiri haina msongamano upande wa kisiwani, maana umati unakuja kinyume chako. Ukibahatika utavushwa na MV Kwale, ukaanza safari kwa jina la unakokwenda.

Njia ni rahisi kuijua: unafuata barabara ya Lunga Lunga kupita Shika Adabu, Ng'ombeni na Waa hadi njia panda ya Kombani, ambayo ni kama nusu ya safari. Ugumu wake ni magari. Tembea upande wa kulia, ukiyatazama yanayokuja. Msitembee sambamba mkizungumza. Mmoja mbele, mmoja nyuma, na mbali na lami kadiri inavyowezekana. Matatu za njia hii haziombi ruhusa zikitaka kukwepa shimo. Makanga watawaita kila dakika tano, "Ukunda! Ukunda!" na mkisema mnakwenda kwa miguu watawahurumia.

Mwendo wa asubuhi uwe wa mtu anayeweza kuzungumza sentensi nzima bila kutweta. Tembea dakika 50, kaa dakika 10, hata kama hujachoka. Kunywa kidogo kidogo, mafunda machache kila robo saa, na kila kituo kula kitu chenye chumvi: njugu, kachiri, hata yai la kuchemsha. Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo ni hatari. Huipunguza chumvi ya damu, na dalili zake, kichefuchefu na kichwa kuuma, hufanana na za kukosa maji. Mtu huongeza maji akidhani anajitibu. Madafu ni mazuri na yako njia nzima, lakini chumvi tunayoipoteza kwa jasho ni chache ndani yake. Kunywa dafu, ule na njugu zako.

Mguu ukianza kuunguza mahali pamoja, simama dakika ile ile. Usiseme "nitafika kituo". Vua, kausha, bandika plasta, endelea. Lengelenge likishatoka na ni dogo, lifunike bila kulitoboa. Likiwa kubwa la kukuzuia kutembea, osha mikono na mahali penyewe, pitisha sindano motoni, toboa pembeni karibu na ngozi nzima, kamua taratibu, ngozi ya juu iache palepale, funika.

Hatua ya 8: Kombani, mahali pa kuamua

Kombani ina vibanda vya chakula, msikiti, steji ya matatu na vivuli. Kaeni. Vueni viatu, inueni miguu juu, badilisheni soksi. Kuleni: viazi karai, muhogo, samaki wa kukaanga, chochote kilichotoka motoni mkiona. Saa sita na nusu hivi mtaswali Adhuhuri, rakaa nne kamili, maana safari hii haifiki marhala mbili, umbali unaomruhusu msafiri kupunguza swala. Kisha jilazeni, lakini kila saa moja simameni mtembee kidogo, la sivyo miguu itaganda kama ugali wa jana.

Kabla ya kuondoka ulizaneni namba. Kama mmoja yuko chini ya sita baada ya kupumzika na kula, safari ya miguu imeishia hapa. Pandeni matatu hadi Kwale mkaone vilima kwa gari, au rudini Likoni. Nasisitiza uamuzi ufanyike Kombani, kwa sababu mbele yake magari hupungua, maduka hupungua, na mtu akishaanza kupanda huona haya kushuka.

Sisi hatukuulizana. Nilisema, "Tumeshafika nusu, twende tu." Akasema, "Niko sawa."

Jazeni maji lita tatu kila mtu. Piga simu nyumbani useme mko wapi na mnatarajia kufika saa ngapi.

Hatua ya 9: Kupanda

Kutoka Kombani njia inageukia magharibi na kuanza kuinuka. Mwanzo humdanganya mtu, inapanda huku inashuka, katikati ya minazi na miembe na mashamba ya mihogo. Kadiri unavyokaribia Golini, kijiji kilicho kabla ya Kwale, mwinuko unakuwa mwinuko kweli. Fupisha hatua. Kanyaga na wayo mzima, usipande kwa vidole, la sivyo misuli ya nyuma ya mguu itakaza. Ikikaza, simama, nyoosha mguu, vuta vidole kuelekea kwako, na unywe maji ya chumvi na sukari.

Geuka nyuma mara moja moja. Kuna mahali bahari inajitokeza nyuma yako, mstari wa buluu juu ya minazi, na ndipo unapoelewa umetoka wapi. Upepo nao hubadilika, unakuwa mwepesi. Vilima hivi hupata mawingu na ukungu unaotoka baharini, ndiyo maana vina msitu mnene na chemchemi. Maji ya chemchemi za Marere yamekuwa yakiletwa Mombasa kwa mabomba tangu zamani. Huenda chai yako ya leo imetoka huko.

Msikate njia ya mkato kupitia msituni. Kwale iko ukingoni mwa hifadhi ya Shimba Hills, iliyotangazwa mwaka 1968, na ndani yake mna ndovu na nyati. Baadhi ya misitu ya upande huu pia ni kaya za Wamijikenda, yaani misitu yao mitakatifu, ambazo haziingiwi bila idhini ya wazee. Fuateni barabara.

Kama saa kumi na moja jioni hamjafika Golini, simamisheni gari. Giza, mwinuko na magari yasiyo na taa havichezewi.

Hatua ya 10: Joto likimshika mwenzako

Hii ndiyo hatua ambayo natamani ningeisoma kabla ya ule mwezi wa Machi.

Haikuanza kwa kishindo. Ilianza kwa ukimya. Swahiba wangu husema sana. Tulipokuwa kama kilomita tatu baada ya Kombani nikagundua sijasikia sauti yake kwa muda. Nikageuka, nikamwona anatembea kwa kuyumba, uso umepauka. Nikamuuliza kama anataka maji. Akanijibu, "Gari limeshapita." Hakuna gari lililopita.

Zijue hali mbili. Ya kwanza ni mwili kuchoshwa na joto: kizunguzungu, kichefuchefu, kichwa kuuma, jasho jingi, ngozi yenye unyevu, miguu kukaza, lakini akili timamu. Mweke kivulini, mlaze, inua miguu yake, mlegeze nguo, mloweshe na umpepee, mpe maji ya chumvi na sukari kidogo kidogo. Akipata nafuu ndani ya nusu saa, safari yake ya siku hiyo hata hivyo imekwisha. Arudi kwa gari.

Ya pili ni mwili kushindwa na joto, na hiyo huua. Alama yake kubwa ni akili: anajibu yasiyoulizwa, anakuwa mkali bila sababu, anayumba, anapoteza fahamu, au anapata kifafa. Joto la mwili limefika nyuzi 40 au zaidi. Usingoje jasho likatike ndipo uamini. Aliyefikia hali hii kwa kutembea huenda bado anatoka jasho. Mpoze papo hapo kwa maji yoyote mliyonayo, mwili mzima, huku mwingine akipepea, vitambaa vilivyolowa vikiwa shingoni, makwapani na kwenye kinena. Asiyejitambua usimnyweshe kitu. Piga 999 au 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu, na msimamishe gari lolote. Endelea kumpoza mkiwa ndani ya gari. Usimpakie bodaboda mtu ambaye akili imemhama.

Mimi sikujua lolote katika hayo. Aliyejua ni mama mmoja aliyekuwa akiuza machungwa chini ya mwembe. Alimtazama mara moja, akaniambia, "Mwanangu, mvue hilo shati," akachukua ndoo yake ya kuoshea machungwa akammwagia yote. Leso zetu mbili tukazilowesha. Kijana wa pikapu akasimama bila kuombwa. Tulipofika kituo cha afya swahiba wangu alikuwa ameanza kunitukana, na muuguzi akasema hiyo ni dalili njema.

Hatua ya 11: Kufika, na kurudi

Mkifika Kwale msijitupe chini mara moja. Tembeeni dakika kumi polepole, vaeni sweta kabla baridi haijawashika, kunyweni, kisha kuleni chakula chenye chumvi na nyama au maharage. Kama mfuko unaruhusu laleni hapo. Asubuhi mnaweza kulipia kiingilio cha hifadhi kupitia eCitizen na kwenda maporomoko ya Sheldrick, maji yanayoanguka kama mita 21, mkisindikizwa na askari wa wanyamapori. Huenda mkamwona palahala, aina ya swala mkubwa, ambaye kwa Kenya nzima anaishi porini hapa Shimba tu.

Siku mbili zinazofuata miguu itauma, hasa mkishuka ngazi. Hiyo ni kawaida. Lakini mkojo ukiwa na rangi ya chai ya rangi na maumivu ya misuli yasipopungua, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Misuli iliyovunjika inaweza kuziba figo.

Mnaorudi siku ile ile, matatu za kushuka Likoni ziko steji. Mwisho wa yote feri itatia nanga upande wa kisiwani, mlango utashuka, na umati wote utaanza kukimbilia ule mteremko wa kutokea. Sisi mara ya pili tulipanda tumeshikana mabega, hatua fupi fupi, huku kina mama wenye mizigo kichwani wakitupita. Nikamuuliza namba. Akasema, "Tatu." Tukakaa ukutani tukanunua kahawa.